Duke 2024–25: Michezo 39, Vipigo Vinne, Pointi 17

Timu ya wanaume ya mpira wa kikapu ya Chuo Kikuu cha Duke, kilichopo Durham katika jimbo la North Carolina, ilifunga msimu wa 2024–25 ikiwa imeshinda michezo 35 na kupoteza minne. Ukijumlisha pointi ilizozidiwa katika michezo hiyo minne unapata 17: tano dhidi ya Kentucky, tatu dhidi ya Kansas, sita dhidi ya Clemson na tatu dhidi ya Houston. Yote iliamuliwa mwishoni kabisa, na katika yote Duke ilikuwa na nafasi ya kushinda. Tathmini hii inauangalia msimu huo kama kitu ambacho mtazamaji hukilipia kwa fedha, kwa bando la intaneti na kwa usingizi wake. Hoja yangu ni kwamba ulikuwa msimu bora kuliko mingi niliyoifuatilia katika mchezo wa vyuo, ila ulikuwa na kasoro moja iliyoonekana mapema, ikafunikwa na ushindi mnono wa majira yote ya baridi, kisha ikajitokeza upya siku ambayo hapakuwa na siku nyingine ya kuirekebisha.

Kwa msomaji aliyezoea NBA au ligi ya Afrika ya BAL, yafaa kueleza kwa ufupi anachonunua anapoamua kuifuata timu ya chuo. Mchezo una vipindi viwili vya dakika 20 badala ya robo nne, timu inapewa sekunde 30 za kushambulia badala ya 24, na msimu unapita hatua tatu: michezo ya kawaida kuanzia Novemba hadi mwanzoni mwa Machi, mashindano ya shirikisho la vyuo ambalo timu imo, na hatimaye mashindano ya taifa ya NCAA yenye timu 68, ambamo anayefungwa mara moja tu anafungasha virago. Hakuna mechi ya marudiano. Muundo huo ndio utamu wa mchezo wa vyuo na ndio ukatili wake, kwa kuwa kazi ya miezi mitano inaweza kufutwa na nusu dakika.

Duke haikuanza msimu huo kama timu iliyokuwa imekaa pamoja. Kocha wake, Jon Scheyer, aliyekuwa mchezaji wa kikosi cha Duke kilichotwaa ubingwa mwaka 2010, alirithi kiti cha Mike Krzyzewski mwaka 2022, na kurithi kiti cha mtu aliyekaa misimu 42 na kutwaa mataji matano si jambo la kumwombea rafiki yako. Misimu yake miwili ya kwanza iliisha kwa rekodi ileile ya ushindi 27 na vipigo tisa, na wa pili ulikomea mikononi mwa NC State, hatua moja tu kabla ya nusu fainali ya taifa. Baada ya hapo kikosi kilitawanyika: wengine wakaenda NBA, na wengine wengi wakahamia vyuo vingine, jambo ambalo siku hizi ni jepesi, kwani mchezaji anaweza kuhama bila kukaa nje mwaka mzima, na tangu 2021 anaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya jina na sura yake. Waliobaki na uzoefu wa maana walikuwa Tyrese Proctor, kijana wa Australia, na Caleb Foster. Scheyer akaijaza nafasi iliyobaki kwa njia mbili. Aliwachukua watu wazima kutoka vyuo vingine, akiwamo Sion James wa Tulane, Mason Gillis wa Purdue na Maliq Brown wa Syracuse, kisha akawaingiza vijana wa mwaka wa kwanza waliokuwa wakigombewa na kila chuo kikubwa nchini Marekani.

Wa kwanza miongoni mwa vijana hao ni Cooper Flagg, mzaliwa wa mji mdogo wa Newport katika jimbo la Maine, ambaye alitimiza miaka 18 Desemba 2024 msimu ukiwa katikati. Wastani wake ulikuwa pointi 19.2, ribaundi 7.5 (mipira anayoidaka baada ya mtupo kukosa) na asisti 4.2 (pasi zinazozaa kikapu) kwa mchezo, na alitangazwa mchezaji bora wa mwaka nchini Marekani, akiwa wa nne tu wa mwaka wa kwanza kupewa tuzo hiyo na shirika la habari la AP baada ya Kevin Durant, Anthony Davis na Zion Williamson. Takwimu hizo hazisemi jambo ambalo macho yanaliona haraka, yaani kwamba kijana huyu mshambuliaji hodari hupendeza zaidi anapolinda. Hutokea nyuma ya mtu aliyedhani amekwisha kumpita, huuziba mpira bila kumgusa, kisha huukimbiza mwenyewe hadi upande wa pili. Tarehe 11 Januari 2025 aliifunga Notre Dame pointi 42, ambazo ni rekodi ya mchezaji wa mwaka wa kwanza katika ACC, shirikisho ambalo Duke imo, na mchezo huo ulihitaji kila pointi yake kuliko matokeo ya 86–78 yanavyodokeza.

Kon Knueppel wa Wisconsin, mwenye wastani wa pointi 14.4, ndiye niliyempenda zaidi kadiri wiki zilivyopita. Hana mbio za ajabu wala hachupi juu ya vichwa vya watu, bali anajua mahali pa kusimama, anatupa bila kusitasita, na anapobanwa hatahayari. Sion James alikuwa na misuli ya mtu mzima na akili ya mlinzi wa lango, huku Proctor akibadilika kutoka mtu wa kupitisha mpira kuwa mtupaji wa pointi tatu wa kuogopwa. Katika orodha ya chuo hakuna hata mmoja wa wale watano wa kuanza aliyeandikwa kuwa chini ya futi sita na inchi tano, na hapo ndipo ulipokuwa msingi wa ulinzi wa Duke: mchezaji yeyote aliweza kumwachia mwenzake mtu wake na kumchukua wa mwenzake, na mpinzani asipate upenyo wa kumdhulumu mfupi, maana mfupi hakuwapo.

Mtu wa tano anatuhusu kwa karibu zaidi. Khaman Maluach alizaliwa Rumbek, Sudan Kusini, mwaka 2006, akakulia Kawempe jijini Kampala baada ya familia yake kukimbilia Uganda, na hakuushika mpira wa kikapu kwa dhati hadi alipokaribia umri wa miaka 13. Kutoka hapo alikwenda katika akademia ya NBA iliyopo Saly nchini Senegal, akacheza BAL akiwa na Cobra Sport ya Sudan Kusini, AS Douanes ya Senegal na City Oilers ya Kampala, akaichezea nchi yake katika Kombe la Dunia la 2023 akiwa na miaka 16, na mwaka uliofuata akaenda Michezo ya Olimpiki ya Paris kabla hata hajaingia darasa moja la chuo. Alikuwa katika kikosi cha Sudan Kusini kilichoitoa jasho Marekani jijini London, Julai 2024, na kufungwa 101–100 katika mchezo wa kirafiki ambao wengi wetu bado tunausimulia. Akiwa na urefu wa karibu mita 2.18, Duke ilimpa kazi tatu rahisi kuzitaja na ngumu kuzifanya: kuulinda ukanda wa chini, kukimbia hadi upande wa pili mara zote, na kumalizia mpira uliorushwa juu ya ringi. Alizifanya kwa wastani wa pointi 8.6 na ribaundi 6.6, na mitupo yake ilikuwa ikiingia zaidi ya saba kati ya kumi.

Wasomaji wa Tanzania watamkumbuka Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, aliyekipeleka Chuo Kikuu cha Connecticut (UConn) nusu fainali ya taifa mwaka 2009 na kuchukuliwa wa pili katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA wa mwaka huo. Ulinganisho huo ni wa haki kwa kiasi fulani tu. Thabeet alikuwa nguzo ya ulinzi wa UConn peke yake na alikaa chuoni misimu mitatu, ilhali Maluach alikuwa sehemu ya mtambo uliokwisha kukamilika na alikaa msimu mmoja. Kwa upande wa miguu na mikono, hata hivyo, Maluach aliingia chuoni akiwa mbele ya alikokuwa Thabeet katika umri ule, na sababu inaeleweka: kati ya vizazi hivyo viwili zimejengwa BAL na akademia ya Saly, na kijana mrefu wa Afrika Mashariki hahitaji tena kungoja bahati ya kuonwa na mtu mmoja.

Sasa nije kwenye michezo yenyewe. Duke ilifungua pazia tarehe 4 Novemba 2024 kwa kuifunga Maine 96–62, ikaifunga Army 100–58, kisha ikaenda Atlanta kukutana na Kentucky. Ilikuwa mbele kwa pointi tisa wakati wa mapumziko. Kentucky ikarudi taratibu, na matokeo yakiwa sare sekunde za mwisho, mpira ukapewa Flagg, ambaye tayari alikuwa na pointi 26 na ribaundi 12, akajaribu kuupenya ukuta wa watu, akaporwa. Kentucky ikashinda 77–72. Watangazaji walisema kwamba huo ulikuwa ujana, na kwamba kijana atajifunza. Wiki mbili baadaye huko Las Vegas, Kansas ilibaki bila mchezaji wake mrefu tegemeo, Hunter Dickinson, aliyefukuzwa uwanjani kwa kumpiga Maliq Brown teke la kichwa, na bado Duke ikapoteza 75–72. Katikati ya vipigo hivyo ilikuwa imeishinda Arizona kwao Tucson 69–55, na tarehe 4 Desemba ikaifunga Auburn, iliyokuwa ya pili kwa ubora nchini, 84–78. Mchezo huo wa Auburn ni wa kutazama mara mbili: Duke ilianza kwa kuzidiwa waziwazi, na aliyeiokoa hakuwa nyota yeyote bali Isaiah Evans, kijana mwembamba wa mwaka wa kwanza aliyetoka benchi na kutupia mitupo sita ya pointi tatu katika kipindi cha kwanza.

Baada ya hapo kulifuata miezi ya karamu. Tangu mwishoni mwa Novemba hadi mwanzoni mwa Februari Duke ilishinda michezo 16 mfululizo, na baada ya kufungwa na Clemson 77–71 ikashinda mingine 15 mfululizo. North Carolina ilifungwa nyumbani na ugenini, 87–70 na 82–69. Stanford ilifungwa 106–70. Illinois, ambayo si timu ya kubeza, ilipelekwa Madison Square Garden jijini New York na kurudishwa kwao kwa 110–67. Mtazamaji anayependa ufundi alikuwa na mengi ya kufurahia, kwani mpira ulikuwa ukizunguka kwa watu wanne kabla ya mtupo, walinzi wakibadilishana bila kuitana, na benchi likiingia bila kasi kupungua. Mtazamaji anayependa mashaka, kwa upande mwingine, alikuwa na ruhusa ya kulala mapema.

Hapo ndipo ninapoikosoa bidhaa yenyewe, na lawama si ya wachezaji. ACC sasa ni shirikisho la vyuo 18 linaloanzia ufuo wa Atlantiki na kufika California, kwa sababu za mikataba ya televisheni na si za mchezo, na katika msimu huo lilikuwa dhaifu kuliko jina lake: kati ya timu hizo 18, nne pekee ziliitwa kwenye mashindano ya taifa, wakati shirikisho la SEC liliingiza 14. Duke ilishinda michezo 19 kati ya 20 ya ACC bila kulazimishwa mara nyingi kucheza dakika mbili za mwisho kwa roho mkononi. Ilipolazimishwa, huko Clemson tarehe 8 Februari, mpira ulirudi tena kwa Flagg katika shambulio la kusawazisha, akateleza, na mwamuzi akapuliza kwamba ametembea na mpira. Mara ya pili, basi, jambo lilelile, na safari hii pia likaelezwa kuwa ni bahati mbaya ya sakafu.

Onyo la tatu lilikuja Charlotte katika mashindano ya ACC, na ajabu ni kwamba lilivaa nguo za ushindi. Flagg aliumia kifundo cha mguu katika robo fainali dhidi ya Georgia Tech, mchezo ambao Maliq Brown naye aliteguka bega, na Duke ikaendelea bila wawili hao. Katika nusu fainali iliongoza dhidi ya North Carolina kwa zaidi ya pointi 20, kisha ikaanza kuyeyuka. Zikiwa zimebaki sekunde chache, mchezaji wa North Carolina alitupa mtupo wa adhabu ambao ungesawazisha, mpira ukaingia, lakini pointi ikafutwa kwa sababu mwenzake alikanyaga ndani ya eneo kabla ya mpira kutoka mkononi mwa mtupaji. Duke ikapita 74–71. Usiku uliofuata iliifunga Louisville 73–62 na kutwaa kombe, Knueppel akiwa mchezaji bora wa mashindano. Sifa zilizofuata zilikuwa za haki, maana kutwaa taji bila nyota wako ni jambo zito. Hata hivyo, mtu aliyeitazama ile nusu fainali kwa makini aliona timu ambayo, ikibanwa katika kuutoa mpira nyuma, haikuwa na utaratibu wa kuaminika wa kuufikisha mbele.

Mashindano ya taifa yalianza kwa matembezi ya starehe: Mount St. Mary's ikafungwa 93–49, na Baylor, iliyokuwa na Jeremy Roach aliyehama kutoka Duke yenyewe mwaka uliotangulia, ikafungwa 89–66. Huko Newark, New Jersey, mambo yakawa matamu. Arizona walirudi kwa kisasi wakiwa na Caleb Love aliyefunga pointi 35, na Flagg akajibu kwa pointi 30, ribaundi sita na asisti saba katika ushindi wa 100–93 ambao, kwa maoni yangu, ndio mchezo wake kamili kuliko yote ya mwaka huo, kwa sababu kila alipovutia walinzi wawili aliutoa mpira kwa wakati. Siku mbili baadaye ikaja Alabama, iliyokuwa imetoka kutupia mitupo 25 ya pointi tatu katika mchezo mmoja dhidi ya BYU. Duke ikaibana hadi pointi 65, ikafunga 85, na Maluach akapata pointi 14 na ribaundi tisa. Ukitaka kujua ulinzi wa warefu watano ulikuwa na maana gani, tazama jinsi Mark Sears, aliyekuwa ametupia mitupo kumi ya mbali dhidi ya BYU, alivyomaliza siku hiyo akiwa na pointi sita.

Timu nne zilizofika San Antonio, Texas, kwa nusu fainali ya taifa, zote zilikuwa zimepangwa za kwanza kwa ubora katika kanda zao kabla ya mashindano kuanza, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu 2008. Duke ilipangiwa Houston, na mpangilio huo ulikuwa mtihani hasa wa kile ilichokosa. Houston ya kocha Kelvin Sampson ilifika hapo ikiwa nayo imefungwa mara nne, lakini vipigo vitatu kati ya hivyo vilitokea katika muda wa nyongeza, na mwezi Januari ilikuwa imeshinda nyumbani kwa Kansas baada ya kuwa nyuma kwa pointi sita sekunde chache kabla ya muda wa nyongeza kwisha. Wiki moja kabla ya San Antonio iliitoa Purdue kwa mpira uliorushwa kutoka pembeni na kufungwa sekunde ya mwisho. Ni timu iliyoishi mwaka mzima mahali ambapo Duke ilipitia kwa nadra.

Mchezo ulianza tarehe 5 Aprili usiku kwa saa za Marekani, ambayo kwetu ilikuwa inakaribia saa kumi usiku wa kuamkia Jumapili. Kwa dakika 30 za kwanza Duke ilikuwa bora. Zikiwa zimebaki dakika nane hivi iliongoza kwa pointi 14, na zikiwa zimebaki sekunde 35 ilikuwa bado mbele kwa sita. Halafu Emanuel Sharp akatupia pointi tatu. Sion James akajaribu kuurudisha mpira mchezoni kutoka nje ya mstari, Houston wakaunasa, wakakosa mtupo wa kusawazisha, na Joseph Tugler akauchukua hewani na kuudidimiza kikapuni. Proctor akapewa mtupo wa adhabu wa aina ile ambayo ukikosa wa kwanza hupewi wa pili, naye akakosa. Flagg akahukumiwa kumchezea faulo J'Wan Roberts wakigombea ribaundi hiyo, na Roberts, ambaye si mtupaji wa kumtegemea kwenye mstari ule, akaingiza yote miwili. Mpira wa mwisho wa maana ukaenda, kwa mara nyingine, kwa Flagg peke yake dhidi ya mlinzi mmoja. Alipata nafasi nzuri, akageuka, akatupa, mpira ukapungukiwa. L.J. Cryer akamalizia kwa mitupo miwili ya adhabu. Pointi tisa bila jibu katika sekunde 33, na Houston ikashinda 70–67.

Flagg alikuwa na pointi 27 siku hiyo, na sikubaliani na wanaomtwika mzigo huo. Mtupo wake wa mwisho ulikuwa mzuri kuliko mitupo mingi inayoingia. Kosa lilikuwa pana zaidi: katika dakika kumi na kitu za mwisho Duke ilifunga kikapu kimoja tu kutoka uwanjani, maana yake ni kwamba ule mzunguko wa mpira kwa watu wanne uliotufurahisha tangu Desemba ulisimama kabisa, na kila mmoja akawa anamtazama kijana mmoja. Pia Houston waliwazidi kwenye mipira inayorudi kwa kiasi cha aibu. Maluach, mrefu kuliko wote uwanjani, alimaliza mchezo bila ribaundi hata moja, kwa sababu Houston hawakujaribu kuruka juu yake bali walimsukuma kwa makalio na mabega mbali na kikapu kabla mpira haujafika. Hilo ni funzo ambalo mwezi mzima wa michezo ya Februari haukumpa.

Jambo moja lililotokea siku hiyohiyo lazima liingie katika tathmini hii, ingawa halihusu mpira. Saa chache kabla ya mchezo, Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, Marco Rubio, alitangaza kufutwa kwa viza zote za wenye pasipoti za Sudan Kusini, na chuo kikalazimika kusema kwamba kinafuatilia hali ya mchezaji wake. Kijana wa miaka 18 aliingia uwanjani katika mchezo mkubwa wa maisha yake akiwa hajui kama bado ana ruhusa ya kuwa katika nchi anayochezea. Sidai kwamba hilo ndilo lililomnyima ribaundi. Nasema tu kwamba mtazamaji wa Kampala au Juba aliyekuwa macho saa ile alikuwa akitazama mambo mawili kwa wakati mmoja, na watangazaji wengi walikuwa wakitazama moja.

Kuhusu gharama, kwa sisi tunaotazama kutoka Afrika Mashariki ada ya king'amuzi au kifurushi cha kutazama mtandaoni ni kitu kidogo ukiilinganisha na saa zenyewe. Mchezo unaoanza saa moja jioni huko Durham wakati wa baridi unaanza saa tisa usiku Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, na ule wa saa tatu usiku unaanza saa kumi na moja alfajiri, ambayo angalau ni saa ya mtu anayejiandaa kwenda kazini. Michezo ya Jumamosi adhuhuri ndiyo nafuu pekee, kwani inatufikia saa mbili usiku. Matangazo ya biashara ni mengi mno: katika kila kipindi kuna mapumziko manne yaliyopangwa kwa ajili ya televisheni, bila kuhesabu yale ya makocha, na dakika mbili za mwisho za mchezo mkali zinaweza kuchukua robo saa huku waamuzi wakiinamia skrini. Kinachofidia ni michezo ya nyumbani. Uwanja wa Cameron uliofunguliwa mwaka 1940 unaingiza watu 9,314 tu, wanafunzi wanasimama karibu na mstari kiasi cha kuweza kumgusa anayerusha mpira, na kelele zao zinasikika hata kwenye simu yenye spika mbovu.

Ningeupa msimu huu nyota nne kati ya tano, na nyota iliyokosekana ingekosekana hata kama ule mtupo wa Flagg ungeingia, kwa kuwa ninaipunguza kwa ajili ya miezi miwili ya michezo isiyo na ushindani. Kama unafikiria kungoja muendelezo, haupo. Wote watano wa kuanza walichukuliwa katika uteuzi wa NBA wa Juni 2025: Flagg wa kwanza akaenda Dallas, Knueppel wa nne akaenda Charlotte, Maluach wa kumi akaishia Phoenix, James akaitwa wa 33 na Proctor wa 49. Timu ya chuo ya siku hizi huuzwa mara moja, na anayeipenda huipenda akijua hivyo.

Kwa anayetaka kuutazama leo kwa marudio, aanze na Auburn, aende Notre Dame kwa ajili ya zile pointi 42, kisha nusu fainali ya Charlotte bila Flagg, kisha Arizona ya Newark. Mchezo wa Illinois aruke, isipokuwa kama anapenda kuona watu wazima wakidhalilishwa. Ule wa Houston autazame mzima, asianzie kwenye dakika ya mwisho kama zinavyofanya video fupi zinazozunguka simuni, kwa sababu kilichoiangusha Duke kinaanza kuonekana dakika kumi kabla ya kengele, pale mpira unapoacha kuzunguka.